Ligeuzeni vazi mtazame ndani

Mhariri,

Miaka tisa nasoma gazeti lako nikiwa huku Donegal, Ireland, na sijawahi kukuandikia. Makala yenu ya masweta ya visiwa vya Aran, magharibi mwa Ireland, imenitoa kimyani. Mwandishi wako kasema kila ukoo ulikuwa na nakshi yake tangu enzi na enzi, ili mvuvi akizama maiti yake itambulike. Si kweli. Masweta yale meupe ya nakshi nzito ni kazi ya karne ya 20, na hadithi ya maiti imechipuka kwenye tamthilia ya mwandishi wa Ireland, J. M. Synge, ya 1904, ambamo dada anamtambua kaka yake kwa mishono ya soksi. Soksi, Mhariri, si sweta!

Kilichoniuma zaidi ni mafundi mliowaruka. Nguo ya mashambani huku ilianzia kwa kondoo wa nyumbani: wanawake wakachambua sufu, wakaichemsha na magamba yanayoota juu ya mawe ipate rangi ya kahawia, wakaisokota, mfumi wa kijijini akatanda mtande, nyuzi za urefu, na kupitisha mshindio, uzi wa upana, kisha fundi mshonaji akaja na mkasi wake, akala na kulala hapohapo mpaka koti la mwisho liishe. Mimi ni fundi cherehani, ufundi nimeupatia Mombasa. Mwaka jana jirani yangu mzee aliniletea koti la marehemu baba yake nimbadilishie bitana. Kulifumua, nikakuta kola yote imeshonwa kwa mkono, mishono midogo kama punje za mtama, hakuna hata mmoja uliolegea. Jioni nzima nililipakata, sikuthubutu kulipitisha mashineni. Wiki hiyohiyo nikaingia duka moja la watalii, nikaoneshwa sweta lenye kikaratasi cha jina la ukoo. Kuligeuza ndani, lebo inasema limetoka ng'ambo. Na muuzaji akanisimulia hadithi ileile mliyoichapa ninyi.

Na kofia zetu je? Kofia ya viua, ile ya vitundu vya kudarizi, humkalisha mtu miezi na sindano mkononi. Leo pwani inauzwa ya mashine na mnunuzi anaapiwa kuwa ni ya mkono. Hilo nalo hamliandiki.

Mwandishi wako akirudi Ireland, apite Ardara au Kilcar, vijiji vya huku Donegal, akae nusu siku kando ya mtambo wa kufumia wa mfumi. Na kila picha ya vazi mtakayoichapa, chapeni pia ya upande wake wa ndani.

Fundi cherehani,
Donegal