Barua kwa mwanangu kuhusu mkopo wa gari

Uru, Moshi

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Baba yako hajambo, ingawa goti limeanza kumsumbua tena kwa baridi hii. Nimepokea picha ya fomu ya mkopo uliyonitumia, nikaisoma mara mbili kwa miwani, nikaona ni heri nikuandikie, kwa kuwa jambo lenyewe halifai kumalizwa kwa simu ya dakika mbili.

Unasema mshahara wako ni shilingi 900,000. Nimekaa na hati yako ya mshahara na penseli: NSSF, mfuko wa pensheni, wanakata asilimia 10, yaani 90,000, kodi ya mapato ni 80,500, na Bodi ya Mikopo inachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi, 135,000, ambayo hatuna cha kulalamikia kwa sababu ndiyo iliyokusomesha. Kinachofika mkononi ni 594,500. Huo ndio mshahara wako, na hesabu yoyote ianzie hapo.

Benki inakupa milioni 10 ununue gari, urejeshe 243,000 kila mwezi kwa miezi 60. Zidisha mwenyewe utaona 14,580,000, kwa gari ambalo hata leo tayari limeshatumiwa na mwenyewe wa kwanza. Afisa wa mikopo amekuambia unaruhusiwa kwa sababu bado utabakiwa na zaidi ya theluthi moja ya mshahara, na katika hilo hakukudanganya. Ila theluthi hiyo iliwekwa ili mkopeshaji asikumalize kabisa, na aliyeiweka sidhani kama amewahi kupanga chumba huko Sakina, Arusha. Utabaki na 351,500. Toa kodi ya chumba, 150,000 kwa mwezi, ambayo mwenye nyumba anaitaka ya miezi sita kwa mkupuo, kisha uniambie mafuta, bima na matairi vitatoka wapi, na wewe utakula nini. Hapo ndipo vijana wengi wanapoingia kwenye mikopo ya kausha damu, ile ya mtaani yenye riba kubwa, kwa kutaka kuziba pengo la wiki moja tu.

Sikukatazi kukopa, maana hata bati la nyumba hii tuliezeka kwa mkopo wa SACCOS, chama chetu cha kuweka na kukopa. Kilichoniumiza mimi ni saini. Mwaka 2008 mwalimu mwenzangu aliniomba nimdhamini, nikatia saini tukiwa tumesimama mlangoni, chaki bado mkononi, bila hata kuuliza ni kiasi gani. Alihama bila kuaga, nami nikakatwa miezi 14. Muhula ule ulirudi shule na viatu vya kaka yako, ukadhani ni vipya kwa sababu nilivipiga kiwi usiku ukiwa umelala.

Basi jaribu kwanza. Kwa miezi sita, siku ile ile mshahara unapoingia, zitoe zile 243,000 kana kwamba benki imekukata, uziweke mahali ambapo kidole hakifiki upesi. Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kampuni ya serikali ya uwekezaji wa pamoja, unafaa kuliko simu ile ile unayonunulia vocha. Ukiweza, utakuwa na 1,458,000, kodi yako ijayo itakuwa imepatikana na ziada ipo, na habari ya gari tutaizungumza upya. Ukishindwa mwezi wa tatu, utakuwa umeshindwa bila kudaiwa na mtu.

Kuhusu kadi za michango ya harusi, najua zinakuja kama mvua za masika. Changia ndugu na marafiki wa kweli, wengine wape ulichonacho siku hiyo, wala usiahidi kiasi mbele ya kamati kwa kuona aibu.

Jumamosi panda Coaster ya mapema. Njoo na fomu yenyewe ikiwa haijatiwa saini, pamoja na hati ya mwezi uliopita, ile uliyonitumia tarakimu zake za chini zimekatika. Nitapika mtori.

Mama yako