Dereva wa boza, asante

Kikundi chetu cha bustani kina wazee watatu waliopigana Vita vya Kagera, 1978 hadi 1979. Kwa heshima yao na ya wenzao waliolala kwenye makaburi ya mashujaa ya Kaboya, mkoani Kagera, tulipanda bogenvilia na asumini kuzunguka uwanja wa mtaa, tukilenga Siku ya Mashujaa, Julai 25. Wiki mbili kabla, mota ya pampu ikaungua. Dodoma mwezi wa saba mvua hakuna, na ule upepo unakausha nguo kabla hujamaliza kuanika. Miche ikaanza kunyauka.

Jumanne jioni ukapita na boza lako, ukasimama kutuuliza mbona tunahangaika na ndoo. Ukashusha mpira, ukamwagilia safu zote. Ijumaa ukarudi. Jumatatu ukaja na kiroba cha chupa tupu. Ukakata vitako, ukatoboa vifuniko kwa msumari wa moto, ukatuonyesha kuzifukia kichwa chini karibu na shina ili maji yadondoke taratibu. (Mwenyekiti wetu alibisha sana. Sasa anawafundisha wengine kana kwamba aligundua yeye.)

Tulikuchangia hela ya dizeli, ukakataa. Jina hukutaja. Uliomba tu kumsalimia mzee wetu aliyefika vitani hadi Mutukula, mpakani na Uganda. Ukamwambia, "Shikamoo, kamanda," naye akasimama wima, mkongojo kauacha kwenye benchi.

Kati ya miche 40, 37 imeshika. Wenye chupa tupu msizitupe, tuleteeni. Na wewe, tarehe 25 pita. Kiti chako kipo.