Mtoto wa kambo akiugua, ruhusa hatupewi

Mhariri,

Nasoma gazeti lenu miaka mingi na sijawahi kuandika hata mstari, ila ile habari yenu ya juzi ya kuomba watu wajitokeze malezi ya kambo, yaani kumlea kwa kibali cha Ustawi wa Jamii mtoto usiyemzaa (sio mtoto wa mume au mke wako), nimeshindwa kuinyamazia. Mmesema tuwe na moyo. Moyo tunao, kinachotushinda ni kazini.

Mimi nashona kiwandani hapa Dar, mwaka wa nane huu. Mwaka jana Ustawi wa Jamii walinikabidhi mtoto wa miaka sita, kibali kina muhuri na sahihi. Alikuja Jumanne jioni na mfuko wenye mashati mawili, Jumatano saa moja nipo kwenye mashine. Aliyejifungua ana siku 84 za likizo, wa mapacha 100, baba naye 3, na wanastahili kabisa, ila mimi niliyepokea mtoto asiyenijua sikupata hata moja. Wiki tatu alilala na kandambili miguuni, ukimvua anaamka, na alfajiri ndio namuacha kwa jirani.

Sasa mwezi wa tatu akashikwa na nimonia usiku, mbavu zinaingia ndani kila akivuta pumzi, tukakimbilia hospitali na bodaboda, akalazwa siku nne. Saa kumi na moja alfajiri nikampigia supavaiza, nikamtumia na picha ya kadi ya wodi, akajibu sawa. Narudi kazini naambiwa na afisa utumishi nilete cheti cha kuzaliwa chenye jina langu, nikamletea kibali cha Ustawi, akakisoma mpaka mwisho akanirudishia, akasema hapa pameandikwa mlezi, ruhusa ni ya mtoto wa mfanyakazi. Siku zote nne zikaandikwa utoro, mshahara ukakatwa, na nikaonywa zikizidi tano ni kufukuzwa. Hivi yule mtoto usiku ule wodini alikuwa wa nani? Aliyeitwa na nesi kusaini karatasi ni nani? Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtambua mlezi wa kambo na kumpa jukumu la kumtunza mtoto, Sheria ya Ajira ya 2004 inatoa siku 4 za malipo mtoto wa mfanyakazi akiugua, halafu katikati ya hizo sheria mbili tunaanguka sisi. Kenya tangu 2021 anayeasili mtoto, yaani anayemchukua kisheria awe wake kabisa, anapewa mwezi mzima wa likizo na mshahara wake, japo hata hiyo ni ya kuasili, wa kambo hajatajwa.

Na shule nazo jamani. Kikao cha wazazi Jumatano saa nne asubuhi, nani aliyeajiriwa ataweza? Halafu mwalimu anamwambia mtoto mbele ya wenzake mama yako hajaja, mtoto ambaye ndio kwanza anajifunza kuniita mama. Hata Ustawi wakija kukagua nyumbani wanakuja siku ya kazi.

Ninachoomba ni hivi: palipoandikwa mtoto wa mfanyakazi, ongezeni "na anayemlea kwa kibali cha Ustawi wa Jamii", kwenye sheria na kwenye fomu ya ruhusa, na siku 14 za kumpokea mtoto akifika. Vikao viwe Jumamosi.

Alhamisi ana kliniki ya kifua saa mbili asubuhi. Nimeomba ruhusa tangu wiki iliyopita na sijajibiwa.

Mama wa Mbagala,
Dar es Salaam