Tetemeko Halijala Nondo

Keflavík, Aisilandi
Jumapili usiku

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mfikishie shikamoo Mama Mkubwa wa Ujiji, na Baba Zena naye msalimie, ingawa najua salamu zangu hazipokei mpaka aone muamala. Zena, wewe ndiye msomaji. Soma yote, usiruke pale nitakapomtaja baba yako.

Picha ya ufa kwenye ukuta wa nyumba yako, Mama, nimeiona. Nimeikuza kwenye simu mpaka nikamwona na mjusi. Kaka, huyo huyo Baba Zena, anasema ni tetemeko, na anataka milioni mbili na nusu apige lipu upya. Sasa bahati mbaya yake, mdogo wake anaishi kwenye nchi ambayo ardhi haitulii.

Kuna jambo sikuwaambia. Novemba 2023 nilikuwa bado kwenye kiwanda cha samaki Grindavík. Ardhi ilitetemeka siku nyingi, na usiku wa tarehe 10 tukaambiwa mji mzima tuondoke, watu karibu 3,800. Nilitoka na pasipoti, koti na ile kanga uliyonifungia. Ndiyo maana mwezi ule sikutuma kitu, na Kaka akatangaza Mwanga nzima, hapo Kigoma, kwamba nimeoa Mzungu nimewasahau. Hayo yamepita.

Ninachotaka mjue ni nilichokiona tuliporuhusiwa kurudi mara moja kuchukua vitu. Barabara imepasuka, na kipande kizima cha mji kimetitia zaidi ya mita moja. Mawe yaliyoyeyuka yalikuwa yamejipenyeza chini yetu kwenye mpasuko wa kama kilomita 15, ardhi ya juu ikavutwa huku na huku, katikati pakashuka. Wenzangu walikuwa wanalia. Mimi nilisimama nikishangaa, maana umbo lile nalijua. Ni ziwa letu la Tanganyika, Mama, likiwa bado kichanga.

Ukikaa Bangwe jioni, milima ya Congo ikisimama ng'ambo kama ukuta, ujue pale katikati ndipo ardhi ilipodidimia, kidogo kidogo kwa mamilioni ya miaka. Maji yakajaa, penye kina kirefu yakafika mita 1,470. Sakafu ya pale iko karibu mita 700 chini ya usawa wa bahari! Msimamizi wetu alidhani Tanzania yote ni Serengeti. Nilipomwambia nimezaliwa kando ya ziwa la pili kwa kina duniani, linalozidiwa na Baikal la Urusi tu, alikwenda kuhakikisha kwenye simu yake, akarudi kimya. Tangu hapo ananiita kwa jina langu.

Hapa mabamba mawili ya ganda la dunia, la Amerika Kaskazini na la Ulaya na Asia, yanaachana kwa kama sentimita 2 kwa mwaka. Lile daraja kwenye picha niliyomtumia Zena limejengwa juu ya ufa wake mmojawapo; kibao cha huku kinasema Ulaya, cha kule Amerika. Kwetu nako ardhi inaachana, ila kwa milimita chache tu kwa mwaka. Mjomba aliuliza kama moto utatoka Kigoma pia. Mwambie asihame. Bonde letu la Ufa lina volkano zake, lakini ziko kaskazini, kama Nyiragongo iliyomwaga lava kuelekea Goma Mei 2021, na kusini kule Rungwe. Sisi wa katikati tumepewa kina cha maji, na matetemeko.

Kwa hiyo sisemi Kaka katunga kila kitu. Lile la Desemba 2005 nalikumbuka, Jumatatu mchana, ukubwa wake 6.8, chini ya ziwa upande wa Kalemie kule Congo. Mabati yalilia, ukatutoa nje wote na mwiko mkononi. Nyumba ya Babu ikabaki imesimama.

Sasa turudi kwenye picha. Tetemeko likitikisa ukuta wa tofali, nyufa huwa za mshazari, na aghalabu huanzia kwenye pembe za madirisha na milango. Ufa wa Kaka umenyooka kutoka juu hadi chini, palepale chumba kipya kilipogusana na nyumba ya zamani. Hizo ni kuta mbili ambazo hazikuwahi kufungwa pamoja, na msingi mpya unaotitia peke yake. Hela ya nondo 24 za linta nilituma, risiti ninayo. Ziko wapi? Tetemeko halijala nondo, Mama. Shemeji wa Kaka, yule anayejiita fundi, ndiye wa kuulizwa, na banda lake la kuku lenye nguzo imara kuliko nyumba yako.

Nitatuma laki nane kwanza, kwa namba yako. Atafutwe fundi mwingine, achimbe mpaka udongo mgumu, azungushe linta moja nyumba nzima, ya zamani na mpya. Lipu iwe mwisho.

Mimi sijambo. Desemba hii jua linachomoza karibu saa tano na nusu asubuhi, saa tisa na nusu limeshazama. Samaki nawashika kutwa nzima na hamu ya kula sina. Naota mgebuka wa kuchoma wa Kibirizi, mawese yakichuruzika mpaka kwenye kiwiko. Ukipata mtu anayekuja Ulaya mpe dagaa. Wafunge vizuri, mara ya mwisho walinuka ndege nzima.

Zena, una kazi. Huku wanapima ardhi ikisogea kila siku, na wewe upime. Gonga misumari miwili, mmoja kila upande wa ufa, pima nafasi yake kila Ijumaa uniandikie. Tumia rula, usikadirie kwa macho. Na baba yako asikusaidie kupima.

Mwanao,
Idi