Mkija, njooni msimu wa Theyyam

Kannur, Kerala
18 Januari

Shoga yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba bibi nguvu zimeanza kumrudia. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Baridi ya Kerala haitishi. Alfajiri najitanda shali, jua likipanda kidogo nimeshaivua.

Uliniuliza kwenye simu kama ni kweli mimi na bwana wangu tunakesha nje tukitazama ngoma za watu wa huku. Ni kweli, shoga. Na kwa kuwa mmeamua kuja kututembelea, nataka nikueleze kwa kituo, msije mkachagua mwezi wa kuja kwa kuangalia nauli ya ndege peke yake.

Kwanza weka kando ile India ya kanda za video tuliyokua nayo. Ile ni ya Bombay na ya Kihindi. Huku kusini watu wanasema Kimalayalam, na kila upande wa jimbo una mambo yake. Theyyam, ngoma ya ibada ambayo mchezaji huvalishwa na kuchorwa awe mungu, ni ya huku kaskazini, Kannur na Kasaragod. Ukishuka mpaka mji mkuu wa Kerala huikuti vijijini. Msimu wake huanza mwisho wa Oktoba, ukafika ukingoni mwisho wa Mei, mvua kubwa zikikaribia. Ndani ya miezi hiyo, hasa Desemba mpaka Machi, hupiti usiku usiosikia ngoma mahali fulani.

Vijiji vya huku vina vichaka vitakatifu, wenyewe wanaviita kavu. Ni miti mikongwe isiyokatwa, mizizi imetanda, na katikati kuna kijumba kidogo cha ibada chenye taa za mafuta ya nazi. Theyyam huchezwa hapo, uani. Hakuna jukwaa wala tiketi, na mgeni rasmi hana kiti chake. Unavua viatu, unatafuta pa kukaa chini, unangoja. Kungoja ndiko kuzuri kwenyewe, kwa sababu ndipo unapoona uso ukichorwa.

Mchezaji hulala chali kwenye kibanda cha makuti, taa kichwani pake, na mchoraji amejikunyata juu yake, ameshika chelewa iliyochongwa ncha. Ndiyo, chelewa hizi hizi tunazofungia fagio. Rangi ni za kusaga: nyekundu ya jiwe, manjano na chokaa, masizi ya taa, unga wa mchele. Mstari mmoja unaanzia pembe ya jicho, unazunguka shavu, unakuja kufia kwenye kidevu, na mkono hautikisiki. Kila mungu ana mchoro wake, na wazee wa pale wakiuona uso tu, hata kabla ya mavazi, wanajua nani anakuja usiku ule. Mimi naweza kukaa hapo saa nzima bila kusema neno. Bwana wangu hukaa nami kidogo, halafu chenda zikianza (ndizo ngoma zao, zinavaliwa begani na kupigwa kwa fimbo) namwona anainuka taratibu anakwenda kusimama karibu na wapigaji. Wewe unamjua, mtoto wa watu wa dufu yule.

Kabla ya hapo huimbwa wimbo mrefu wa masimulizi: huyu mungu alikuwa nani, aliuawa wapi, alidhulumiwa na nani. Maana wengi wao walikuwa watu, shoga. Kuna wanawake waliosingiziwa na wapiganaji waliosalitiwa, na mkulima aliyeungua moto shambani. Waliodhulumiwa ndio wanaoabudiwa. Wimbo ukiisha, mchezaji anavalishwa taji, na mengine ni marefu kuliko nyumba, yanashikiliwa na watu yasianguke. Halafu anapewa kioo kidogo. Anajitazama. Wenyewe wanasema hapo mtu ameondoka, aliyebaki ni mungu. Mimi nasema nilichokiona: magoti yalianza kutetemeka, ngoma zikabadilika, na uwanja wote ukasimama.

Sasa sikiliza lililonigusa kuliko yote. Wanaocheza Theyyam ni watu wa matabaka yaliyodharauliwa, Wavannan, Wamalayan, Wapulaya na wenzao, ambao zamani hawakuruhusiwa hata kumkaribia bwana shamba. Mchana wengi ni vibarua na mafundi. Usiku ule mwenye shamba anakuja na mikono ameikutanisha, anainama, anaeleza shida zake, na yule aliyevaa taji anamshika mkono, anamjibu, anampa unga wa manjano. Nilimwona bibi mmoja mzee akilia mbele yake kama mtoto, naye akamsikiliza mpaka mwisho, foleni yote ikangoja.

Katika miungu hiyo ya Theyyam yupo mmoja anaitwa Pottan. Habari yake ni kwamba mwanachuoni mkubwa Shankara alikuwa njiani akakutana na mtu wa tabaka la chini, akamwambia apishe. Yule mtu hakupisha. Akamuuliza maswali, na moja lilikuwa hili: tukikatwa mimi na wewe, damu si ile ile? Shankara akatambua kwamba aliyesimama mbele yake ni mungu Shiva mwenyewe. Maneno hayo huimbwa mbele ya watu wa matabaka yote, kijijini kwao wenyewe. Halafu Pottan, kavaa makuti machanga kiunoni, analala juu ya makaa ya moto. Analala, shoga yangu, anajiegemeza kama aliyefika kwake! Ilikuwa karibu na alfajiri, joto la makaa tunalipata usoni pale tulipokaa. Bwana wangu alinishika mkono, hakuuachia mpaka yule mtu aliponyanyuliwa. Njiani kurudi hatukuzungumza. Tulipofika nyumbani nikachemsha chai, ndipo maneno yakaanza, tukapitiliza mpaka saa ya yeye kwenda chuoni.

Hili nataka nikwambie wewe kwa sababu unatujua. Miaka ile ya mwanzo nyumbani kila mtu alikuwa na lake, yeye na kazi na baraza yake, mimi na duka na jamaa zangu. Tulikuwa tunapendana, lakini cha kufanya pamoja kilikuwa shida za nyumba tu. Huku tumepata kitu cha kukipenda wote wawili, na kila mmoja anakipenda kwa upande wake. Mimi natazama nyuso na nguo, yeye anasikiliza mapigo. Tukirudi tunagawana. Ananipigia mapigo mezani kwa vidole, mimi namchorea uso wa mungu kwenye daftari langu. Kama kuna zawadi safari hii imetupa, kwangu mimi ni hiyo.

Najua utauliza habari ya dini. Sisi tunakaa pembeni, tunatazama kwa adabu, hatushiriki ibada. Na hatuko peke yetu, majirani zetu wengi ni Waislamu wa Malabar, Mappila, na katika Theyyam zenyewe zipo zinazowakilisha Waislamu. Pale Parassinikadavu, kando ya mto Valapattanam, kuna hekalu la mungu Muthappan ambako Theyyam huchezwa karibu kila siku mwaka mzima. Anapokelewa mtu wa dini yoyote na tabaka lolote. Sadaka zake ni samaki na tembo la mnazi, na mbwa wanazurura ndani hakuna anayewafukuza. Wageni wanapewa chai na choroko za kuchemsha na vipande vya nazi. Mkija muda mfupi, au nje ya msimu, nitawapeleka huko.

Kwa hao Mappila ndiko mtakakojiona nyumbani. Tulialikwa harusini, wasichana wakamzunguka bibi harusi wakipiga makofi na kuimba, ndiyo oppana hiyo, na wanaume wakapiga dufu wamepiga magoti safu moja, wanayumba pamoja kulia na kushoto. Maulidi ya Homu matupu! Bwana wangu alipewa dufu, akaingia kwenye safu bila kuelekezwa. Si ajabu, kwa upepo wa kaskazi na kusi majahazi yamekwenda na kurudi karne nyingi kati ya pwani hii na yetu, na Beypore, kusini kidogo ya hapa, mafundi mpaka leo wanaunda majahazi ya mbao. Hata mavazi: wanaume wa huku wanavaa mundu, shuka nyeupe kiunoni, wakitembea wanaikunja mpaka magotini, wakikutana na mkubwa wanaishusha. Bwana wangu anatoka na kikoi chake hakuna anayemgeukia.

Kathakali, mchezo wa huku wa kusimulia hadithi kwa kucheza, nadhani umeshaiona pichani, nyuso za kijani na masketi mapana. Kwenye mahoteli huonyeshwa kwa saa moja kwa watalii, na mimi sikushauri. Ukiiona hivyo utasema nzuri, utaisahau. Kathakali yenyewe ni ya usiku kucha. Sisi tulikwenda Cheruthuruthy, ilipo Kerala Kalamandalam, chuo alichokianzisha mshairi Vallathol mwaka 1930 wakati sanaa hii inakaribia kufa. Vijana wanajifunza hapo kwa miaka, wanaanza na mazoezi ya mwili na ya macho. Macho, shoga! Hadithi nzima inasemwa kwa macho, nyusi na vidole, mchezaji mwenyewe hatamki kitu, wanaoimba wako nyuma yake. Huweka mbegu ndogo ndani ya kope ili jicho liwe jekundu, halafu linang'aa mbele ya taa kubwa ya shaba. Kijani ni mwema, ndevu nyekundu ni katili, ukishajua hilo unaanza kufuata. Usiku ule walicheza kisa cha Mahabharata, utenzi mkongwe wa Wahindu, Bhima anampasua Dussasana tumbo na kwa damu yake anapaka nywele za Draupadi, kwa sababu Dussasana alimburuta kwa nywele hizo barazani. Draupadi anachezwa na mwanamume, nami nilisahau kabisa. Bwana wangu alinisimulia habari ya Kalamandalam Hyderali, Mwislamu aliyesomea uimbaji hapo akawa mwimbaji mkubwa wa Kathakali mpaka alipofariki 2006. Tunazo nyimbo zake kwenye simu, nitakusikilizisha.

Thrissur Pooram, sherehe ya mahekalu ya mji wa Thrissur, Aprili au Mei, hapo mimi na mume wangu hatukubaliani. Mahekalu mawili, Paramekkavu na Thiruvambady, yanashindana kwa ngoma, kwa tembo kumi na tano kila upande wamevishwa mapambo ya dhahabu usoni, na kwa miavuli ya hariri inayobadilishwa rangi juu ya migongo yao. Wapigaji ni zaidi ya mia mbili kwa mkupuo, wanaanza polepole, wanaongeza mpaka umati wote unarusha mikono juu. Yeye anasema hajasikia kitu kama hicho duniani. Mimi ngoma nakubali, lakini wale tembo na minyororo miguuni, katika jua lile na fataki zile, roho yangu haikukaa. Nimemwambia aende na rafiki zake mwaka huu.

Onam iko Agosti au Septemba, sikukuu ya mavuno na ya kumpokea mfalme Mahabali anayerudi kuwatazama watu wake. Maua yanapangwa mlangoni, chakula kinapakuliwa kwenye jani la mgomba, yaani chakula kisichoisha. Ni nzuri, ila ni sikukuu ya nyumbani, na mvua bado zipo.

Mwaka huu Mungu akipenda tunakwenda jimbo la Gujarat kwenye Navaratri, sikukuu ya Wahindu. Unawakumbuka Wahindi wa Upanga na vijiti vyao? Kwao hasa ndiko huko, usiku tisa watu wanazunguka taa, na ngoma yao ya garba iliingizwa kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2023. Lakini bwana wangu anachokitaka zaidi ni kufika Ratanpur, kwenye kaburi la walii Bava Gor, wanakokusanyika Wasidi. Ni watu wenye asili ya Afrika, mababu zao walivushwa bahari karne nyingi zilizopita, na bado wana ngoma yao, wanaiita goma, wanacheza na manyoya ya tausi vichwani. Nami nataka kuwaona. Nikiwaza hilo nashindwa kulala.

Basi, njooni kati ya Desemba na Februari. Leteni nguo za pamba na shali, viatu vya kuvulika upesi, na mlale mchana, kwa maana usiku hakuna kulala. Shemeji mwambie kamera sawa, ila mwanga wa kumpiga mtu usoni hapana, wapo wageni wanaofanya hivyo na wenyeji wanaumia. Chakula msihofu, muhogo na samaki wa nazi wapo, na biriani ya Thalassery nitawapikia mwenyewe, nimefundishwa na jirani.

Niletee kanga, doti mbili, moja yangu na moja ya huyo jirani. Yeye anapenda nyekundu. Niandikie tarehe mapema, ratiba za kavu hutoka kabla ya msimu na bwana wangu keshaanza kuulizia.

Wasalimie wote, bibi mpe mkono wangu.

Shoga yako akupendaye