Mlima si kikwazo cha mchezo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yenu ya barua nimjibu, kwa heshima zote, mwalimu wa Lushoto aliyeandika hivi karibuni kwamba vijana wa milimani wananyimwa michezo na ardhi yenyewe, kwa kuwa huwezi kupata uwanja huko bila kuchimba kilima na kufukia bonde. Mimi ni mzaliwa wa hukohuko. Nimecheza chandimu mahali ambapo mpira ukitoka nje ilibidi mmoja wetu aufuate hadi mtoni, kwa hiyo shida anayoieleza naijua. Hata hivyo, tangu nihamie California nimejifunza mchezo ambao uzuri wake hasa unaonekana kwenye miteremko, na ningependa Mwalimu na wasomaji wengine waufahamu.

Mchezo huo ni gofu ya visahani. Kanuni zake ni zilezile za gofu: unaanzia kituo cha kurushia, unalenga shabaha iliyo mbali, na anayefika kwa mirusho michache zaidi ndiye mshindi. Badala ya fimbo na mpira, mchezaji hutumia kisahani cha plastiki chenye upana wa chapati ndogo na uzito usiofikia gramu 200. Na badala ya tundu ardhini, kuna kikapu cha chuma juu ya nguzo, ambacho minyororo inayoning'inia juu yake hukizuia kisahani ili kidondokee ndani. Aliyeupa mchezo huu umbo lake la leo ni Ed Headrick, aliyeandaa uwanja wa kwanza wa kudumu mwaka 1975 katika bustani ya Oak Grove, chini ya milima ya San Gabriel. Shabaha za uwanja ule wa mwanzo zilikuwa nguzo tupu. Hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya kikapu cha minyororo aliipata mwaka 1977. Nalitaja jambo hili la nguzo kwa makusudi, na nitalirudia.

Uwanja ninaochezea mara nyingi ni De Laveaga, ulio kwenye vilima vya mji wa Santa Cruz, na umekuwapo tangu mwaka 1984. Jirani yake, katika ardhi hiyohiyo ya bustani ya mji, upo uwanja wa gofu ya kawaida wenye nyasi zinazomwagiliwa na kukatwa. Upande wetu hakuna nyasi za namna hiyo. Kuna mialoni, kuna mikaratusi ambayo harufu yake asubuhi yenye ukungu hunirudisha Usambara kabisa, na kuna makorongo ambayo hakuna mtu angeweza kuyajenga wala kuyalima. Waliouandaa uwanja hawakuhitaji kusawazisha kilima. Walitafuta mapengo kati ya miti, wakaweka vituo na vikapu, na njia za miguu zikajichora zenyewe.

Ni vigumu kumweleza mtu wa tambarare jinsi mlima unavyobadilisha mrusho. Kisahani kinachorushwa na mkono wa kulia kwa namna ya kawaida, yaani kutokea upande wa kushoto wa kifua, huzunguka kama mishale ya saa, na kasi inapopungua hukunja kuelekea kushoto. Ukirusha kupanda, kasi hupungua mapema, kwa hiyo kisahani hukunja kabla hujataka na kuangukia karibu. Inabidi ulenge kulia zaidi na ukubali kufika kwa mirusho miwili ulikotamani kufika kwa mmoja. Ukirusha kushuka, kisahani hukaa hewani muda mrefu huku ardhi ikikikimbia, na kosa dogo la mkono ambalo tambarare lingekugharimu hatua tano, hapa linakupeleka korongoni. Ndiyo maana wachezaji wazoefu wa De Laveaga hawatumii nguvu nyingi kwenye mteremko. Huchagua kisahani cha mwendo wa taratibu, hukiachia kikiwa kimelala sawasawa, kisha huuachia mlima kazi iliyobaki.

Hatari kubwa zaidi ipo karibu na kikapu. Ndani ya mita 10 sheria hairuhusu kuvuka alama ya mahali kisahani chako kilipotua kabla ya kutulia kwa miguu baada ya kurusha, na kutulia kwenye mwinuko wenye majani makavu ya mkaratusi si jambo jepesi. Kisahani kikikosa minyororo na kuangukia ukingo wake, huanza kubiringika kama gurudumu, na hapo hakuna la kufanya ila kukitazama. Kimoja changu kilibiringika hadi ndani ya kichaka cha mmea wenye majani matatu matatu ambao kwa kuwasha hauna tofauti na upupu wetu. Niliingia kukichukua bila kuutambua, nikajikuna kwa siku kumi. Ikiwa mchezo huu utafika kwetu, mtoto afundishwe mimea ya mahali pale kabla ya kufundishwa kushika kisahani.

Shabaha ya 27 huitwa Kilele cha Dunia, na anayesimama kwenye kituo chake huona, juu ya vilele vya miti na mapaa ya mji, Ghuba ya Monterey yote imetandazwa mbele yake. Kikapu kiko chini sana, umbali wa zaidi ya mita 150. Ukiachia kisahani, kwanza hupaa, bahari ikiwa nyuma yake, kisha huonekana kama kimesimama hewani, na watu wote walio kituoni hunyamaza mpaka kitue. Nimewahi kufika pale nikiwa na mawazo mazito ya kazi na ya nyumbani, na kwa muda ule wa mrusho mmoja sikuwa na wazo lolote.

Sitamficha Mwalimu gharama ya jambo hili, kwa sababu mtu wa Usambara anajua mmomonyoko ni nini. Miguu mingi kwenye mteremko huuondoa udongo, mizizi hubaki wazi, na mashina yaliyo karibu na vituo huchubuliwa na visahani. De Laveaga vikapu huhamishwa kutoka nafasi moja hadi nyingine ili ardhi ipumzike, na nimeshiriki na wenzangu kumwaga vipande vya mbao kwenye njia zilizochakaa. Kwetu, ambako mvua hunyesha kwa nguvu kuliko hapa, njia zingepaswa kukata mteremko kwa kukingama, kama matuta ya shamba, wala zisishuke moja kwa moja. Bila sharti hilo ni afadhali uwanja usiwepo.

Likizingatiwa, kinachohitajika ni kidogo. Kisahani cha mwanafunzi hapa huuzwa kwa dola kumi hivi na hudumu miaka mingi, na vikapu vinaweza kusubiri, maana hata Headrick alianza na nguzo. Miti tisa iliyofungwa kitambaa chekundu kwenye kilima nyuma ya shule ingetosha kwa muhula wa kwanza.

Natarajia kuja nyumbani mwezi Desemba, na ninavyo visahani kumi na viwili vilivyotumika lakini vizima. Ukipenda, Ndugu Mhariri, nifikishie salamu kwa Mwalimu, umweleze kwamba nipo tayari kumkabidhi vyote na kushinda siku moja na wanafunzi wake kilimani.

Msomaji wenu,
Watsonville, California