Asante, dada wa kwenye foleni

Dada yangu, sikukuuliza jina, na hilo linaniuma mpaka leo. Nilikuwa nyuma yako siku ya kuandikisha watoto wa darasa la awali katika shule ya serikali, nimemshika mwanangu mkono. Uliona bahasha yangu nyembamba, ukaniuliza kwa upole kama nina cheti cha kuzaliwa. Sikuwa nacho. Nilibeba kadi ya kliniki tu, nikidhani inatosha kwa kuwa tarehe ya kuzaliwa imo.

Ulinieleza kwamba kadi huonyesha mtoto amechanjwa, ila umri huthibitishwa kwa cheti, na umri ndio unaoamua kama atapokelewa mwaka huu au asubiri. Nilikuwa nimeshageuka kwenda zangu, machozi yananilenga. Ukanizuia. Ukasema niingie, nieleze hali yangu, niombe jina lipokelewe kwa muda huku nikifuatilia cheti. Mimi ningerudi nyumbani na nafasi ingepotea, nalijua hilo.

Ukabaki na mwanangu nilipokuwa ndani. Zamu yako ikapita. Nilipotoka nikakukuta nyuma ya watu uliokuwa umewatangulia, unamsimulia hadithi ya sungura, wala hukulalamika.

Cheti kilipatikana, nikapeleka cheti halisi na nakala yake. Sasa anaimba irabu kutwa nzima, na jana alichora duara lenye miguu akasema ni mwalimu wake. Nilitamani ulione.

Mungu akuzidishie, dada, wewe na binti yako.